Moshi wa Nyeri na Saa Zake

Kazi yangu ilikuwa moto. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa boila katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Mathira, chini kidogo ya msitu wa Mlima Kenya, na mtu wa boila analipwa kutazama vitu viwili: geji ya mvuke na moshi. Geji inakuambia kama draya zitapata joto la kukausha chai. Moshi unakuambia mengine yote: kama kuni ni mbichi, kama umeshindilia tanuri kupita kiasi, na ukiwa na subira, jinsi hewa itakavyokaa mpaka mchana.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti cha chochote. Alinitoa nje saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku ikikaribia kwisha, akanielekeza kwa kidevu. "Angalia, kijana. Umelala." Kweli moshi ulitoka kwenye chimni, ukapanda kidogo, halafu ukakatika kama uliogonga dari na kutandaa bapa kuelekea bondeni. Chini yake hewa ilikuwa safi kabisa. Wachuma chai walipanda na vikapu vyao bila kusikia harufu yoyote. Ilipofika saa tatu, jua likiwa limeshapasha majani, utandu ule wote ulishuka kwa mpigo juu ya mashamba, na akina mama wakaanza kukohoa na kututukana kwa sauti. Saa tano moshi ulikuwa unapanda, unashuka, unajikunja, unapotea. "Alfajiri uko juu yao," mzee akasema. "Mchana uko mbali nao. Saa tatu uko puani."

Miaka mingi baadaye niliona katika kitabu cha shule cha mwanangu picha za moshi wa aina hizo hizo tatu, kila moja na maelezo yake. Usiku wa mbingu wazi ardhi hupoteza joto lake, na hewa iliyo karibu nayo inapoa kuliko ile ya juu. Hewa baridi ni nzito, basi inabaki chini, na juu yake inakaa hewa yenye joto zaidi. Moshi unaotoka huku chini unapanda mpaka unapokutana na hewa ya joto kama wake, unasimama, unatandaa. Jua likichomoza linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa, na hewa inaanza kuchanganyika kutoka chini kwenda juu. Mchanganyiko huo ukifika pale moshi ulipolala, unauteremsha wote kwa wakati mmoja. Baadaye, hewa ikishachanganyika mpaka juu sana, moshi unapata nafasi ya kutawanyika. Kuni ni zile zile na tanuri ni lile lile. Kilichobadilika ni saa.

Jambo hilo la saa ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu historia ya moshi katika nchi yetu ya Nyeri, Karatina, Kerugoya na Nanyuki kwa kawaida husimuliwa kama historia ya kuni na miti. Ni kweli kwamba miti ilikatwa, na Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huku Tetu, aliianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 kwa sababu hiyo. Lakini kuna historia nyingine ya nani aliwasha moto saa ngapi, wapi, na kwa amri ya nani.

Nyumba ya zamani ya Mkikuyu haikuwa na dohani wala dirisha la maana. Mafiga matatu yalikaa katikati, na juu yake kulikuwa na itara, chanja ya miti ambapo kuni zilikaushwa. Moshi ulizunguka ndani, ukapita kwenye itara, ukapenya kwenye nyasi za paa na kutoka polepole. Ukiitazama kwa mbali jioni ungesema paa zima linatoa jasho. Moshi huo ulifukuza wadudu, ulikausha nyasi zisioze, na pia uliwaharibia wanawake macho na vifua. Sitaki kuupamba. Shangazi zangu walikuwa na macho mekundu tangu nilipowafahamu.

Hata hivyo nyumba hizo zilikaa peke yake. Boma moja lilikuwa hapa kwenye mgongo wa kilima, lingine kule ng'ambo, na kati yake kulikuwa na mashamba na mto. Milima yetu hii ya Nyandarua na Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, imechanwa na mito kutoka juu hadi chini, na kila kilima kina bonde lake. Hewa baridi ya usiku hutiririka kwa uzito wake kama maji, ikifuata mteremko hadi mtoni. Aliyejenga mgongoni alikuwa na moshi wake ndani ya nyumba, lakini ukishatoka nje ulichukuliwa na ule mtiririko ukaenda zake. Wazee walipokataza watu kujenga bondeni walitaja baridi, na walikuwa na haki. Nyeri usiku wa Julai si mahali pa mzaha.

Wazungu nao walijua kuchagua mahali. Hoteli ya Outspan ilijengwa juu ya korongo la mto Chania mwishoni mwa miaka ya 1920, na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alijengewa nyumba humo mwaka 1938 akaishi mpaka alipofariki Januari 1941. Hewa ya Nyeri ilisifiwa duniani kupitia wageni wa namna hiyo, waliokaa pale juu ambapo baridi na moshi hupita kuelekea kwingine.

Halafu ukaja mwaka 1954.

Nilizaliwa katika kijiji cha Hali ya Hatari, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyapata kwa mama. Mwezi wa Juni mwaka ule serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru vijijini ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau msituni. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa. Huo ulikuwa moshi wa kwanza. Mpya zilijengwa kwa mistari, karibu karibu, ndani ya uzio na handaki lenye miiba ya mianzi iliyochongwa. Mchana wanawake walipelekwa kazi za lazima, na baadhi yao walichimba handaki jingine, la maili 50, kando ya msitu wa mlima. Walirudishwa jioni, na kafyu ikaanza.

Sasa fikiria saa. Kule kwenye maboma kila mwanamke aliwasha moto wake wakati aliopenda: mwingine alasiri, mwingine baada ya kukama, mwingine mapema ili watoto wale kabla ya giza. Kijijini mamia ya mafiga yaliwashwa kwa wakati mmoja, jua likiwa limezama na hewa ikiwa imeanza kutulia. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Milango ilifungwa. Kuni zilikuwa mbichi, kwa maana kwenda msituni kutafuta kavu ilikuwa kujitafutia risasi. Mama alisema asubuhi ungeweza kusimama mlangoni usione nyumba ya mstari wa tatu, na si ukungu. Watoto walikohoa usiku kucha na askari wa zamu kwenye mnara walikohoa pia, jambo ambalo lilimfurahisha kidogo.

Huko kwa waliotoa amri hiyo, Desemba 1952, miezi miwili tu baada ya Gavana Baring kutangaza Hali ya Hatari, jiji la London lilifunikwa na moshi kwa siku tano. Sababu ilikuwa ile ile ya kwenye chimni yetu: hewa baridi ilikaa chini, ya joto ikakaa juu, upepo ukakosekana, na makaa ya mawe ya mamilioni ya nyumba yakakosa pa kwenda. Hesabu ya kwanza ilisema watu 4,000 walikufa, na watafiti wa baadaye waliipandisha hadi karibu 12,000. Bunge la Uingereza likatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Kwa hiyo serikali iliyokuwa ikijadili nyumbani kwake jinsi ya kuzuia moshi wa jikoni kurundikana, ilikuwa ikiurundika huku kwetu kwa amri, miaka ile ile. Sidai kwamba maofisa walikusudia hilo. Walikusudia mengine, na hayo yalitosha.

Baada ya ugawaji upya wa mashamba mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wengi walirudi kujenga kwenye vipande vyao. Safari hii walijenga nyumba ya mabati na jiko la mbao pembeni, na kwenye mipaka wakapanda mukima, mti ambao tunaukata matawi kila mwaka kwa kuni. Moshi ukatawanyika tena. Lakini kitu kingine kilikuwa kimeingia. Mwaka 1957 kiwanda cha Ragati kilifunguliwa, cha kwanza nchini kuhudumia wakulima wadogo wa chai, na baada yake vikafuata vingine: Gathuthi, Chinga, Iriaini, Gitugi. Kiwanda cha chai hakiwezi kuchagua saa. Majani yanafika mchana na jioni, yananyaushwa usiku, yanasagwa na kukaushwa usiku huo huo hadi asubuhi. Yaani boila inaunguruma kwa nguvu zaidi wakati ule hasa ambapo hewa imelala. Zamani viwanda vingi vilitumia mafuta mazito. Bei ya mafuta ilipopanda vikahamia kuni, na vilima vikajaa mikaratusi.

Nimesema moshi wetu ulilala bondeni. Sikujua wakati ule kwamba mchana unapanda mlima.

Mwaka 1999 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani na Waswisi, ilifungua kituo cha kupima hewa kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Ni kimoja kati ya vituo vichache vya aina hiyo katika nchi za joto. Vingine viko Assekrem katika jangwa la Algeria na Bukit Kototabang kule Sumatra. Walitafuta mahali karibu na ikweta palipo mbali na miji, ili wapime hewa ya dunia yenyewe: ozoni, kaboni monoksidi, na vitu vingine visivyoonekana. Vijana kutoka Nanyuki walioajiriwa huko walipanda na kushuka katika baridi ambayo mimi wa tanurini nisingeiweza, na umeme ukiwakatikia mara kwa mara.

Walichokuta kimeandikwa na Stephan Henne na wenzake mwaka 2008, na nilipoelezwa nilicheka, maana ni somo la yule mzee wa boila lililopelekwa juu ya mawingu. Hewa ya mlimani ina saa. Asubuhi jua linapopasha miteremko, upepo unaanza kupanda kutoka chini, ukibeba unyevu wa mashamba pamoja na moshi wa jiko, wa tanuri na wa magari. Mkazi yeyote wa Naro Moru ameona upande wa pili wa jambo hili bila kulitia maanani: alfajiri kilele kinang'aa wazi, na ikifika saa nne au saa tano mawingu yamekwisha kukifunika. Unyevu unaotengeneza mawingu hayo unapandishwa na upepo ule ule unaopandisha moshi wetu. Kwa hiyo vipimo vya mchana pale kituoni vimechanganyika na hewa ya kwetu. Usiku mteremko unapoa, upepo unageuka na kushuka, na kituo kinapata hewa safi ya anga la juu. Ndiyo maana mtafiti anayetaka kujua hali ya anga pana hutumia vipimo vya kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Upepo ule wa usiku unaosafisha kituo ndio unaotushukia sisi. Unafika mabondeni umepoa, unajaa chini, unatengeneza lile tabaka zito, na kila mwenye moto huku anafungiwa chini yake. Saa tisa ya usiku kijana wa kituo kule juu alikuwa akipima hewa iliyo safi kuliko yote, na mimi kwa saa hiyo hiyo nilikuwa nikitia gogo tanurini na kutazama moshi ukilala juu ya nyumba za watu.

Si moshi wote wa mlimani ni wetu, na hili lilinishangaza zaidi. Msimu wa kaskazi hewa inatujia kutoka upande wa Arabuni na Pembe ya Afrika. Kusi ikivuma, inatoka Bahari ya Hindi. Njiani inakusanya. Mwaka 2022 Leonard Kirago na wenzake walichapisha utafiti wa masizi yaliyokusanywa kwenye kituo cha namna hiyo kule Rwanda, na wakaonyesha kwamba moto wa nyika za savana katika kanda hii ndio unaotawala masizi hayo, kuliko magari. Majani yanayochomwa mamia ya kilomita kutoka hapa, na wafugaji na wakulima ambao hawajawahi kuisikia Karatina, masizi yake yanaweza kutua hata kwenye barafu ya Kirinyaga. Mvua za masika zikianza yanaoshwa. Mtu yeyote aliyeanika nguo mwisho wa Machi anajua anga la kabla ya mvua ya kwanza na la baada yake si moja.

Kiangazi cha Januari hadi Machi mlima wenyewe huungua pia. Machi 2012 moto ulikula eneo kubwa la nyasi na vichaka vya juu ya msitu, na watu wa Nanyuki walilala na harufu yake kwa sababu usiku ulishuka na ule upepo wa mteremko. Machi 2021 moto mwingine ulitokea Lolldaiga, kaskazini ya Nanyuki, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza. Wakazi walikwenda mahakamani, na moshi ulikuwa mojawapo ya mambo waliyolalamikia. Mwaka uliofuata mahakama iliamua kwamba jeshi hilo haliwezi kujificha nyuma ya kinga. Nilifuatilia kesi ile redioni kwa hamu kubwa. Nilimfikiria mama, ambaye hakuwahi kupata mtu wa kumshtaki.

Watu wa nje wakiisifia hewa ya huku hawakosei. Watafiti wa Birmingham na wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipojaribu vipimo vya bei nafuu vya vumbi na moshi, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2018, waliichukua Nanyuki kama mfano wa mashambani wa kulinganisha na barabara za Nairobi. Nairobi ilikuwa na uchafu zaidi, bila shaka. Lakini njoo Nyeri mjini wakati wa gathano, ile baridi ya Juni hadi Agosti. Kusi inasukuma unyevu juu ya miteremko ya Nyandarua, wingu zito linakaa chini wiki nzima, na jua halionekani. Nanyuki, upande mwingine wa mlima, jua linaweza kuwa linawaka. Kwetu ile saa tatu ya yule mzee haifiki: hakuna jua la kupasha ardhi, hakuna mchanganyiko, na hewa ya alfajiri inakaa mpaka jioni. Huo ndio wakati kila nyumba inawasha jiko la makaa kwa ajili ya joto, wengine wakiliingiza chumba cha kulala na kufunga dirisha, na kila mwaka kuna familia inayokutwa imekufa asubuhi kwa kaboni monoksidi. Jalala la mji nalo linafukuta. Mvua nyepesi ya gathano haina nguvu ya kuosha chochote, inalowesha tu.

Serikali ilitoa Kanuni za Ubora wa Hewa mwaka 2014. Zilitaja chimni na uchomaji wa taka. Gesi ya kupikia iliondolewa ushuru wa VAT mwaka 2016, watu wengi wa hapa wakanunua mtungi wa kwanza maishani, kisha Julai 2021 ushuru wa asilimia 16 ukarudishwa na mitungi ikawekwa pembeni ya jiko kama pambo. Ushuru ukapunguzwa mwaka uliofuata, na 2023 ukaondolewa tena. Aliyerudi kwenye kuni wakati ule hakungoja tangazo la gazeti la serikali kujua hali ya mfuko wake.

Baada ya kustaafu niliombwa na chifu niseme neno kuhusu moshi kwenye baraza. Nilieleza kama nilivyofundishwa: usichome takataka alfajiri wala jioni, subiri saa tano hadi saa tisa hewa ikiwa imefunguka, na jikoni kama unaweza, washa moto jua likishatoka. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akanyoosha mkono.

"Guka, nimekuelewa vizuri," akasema. "Lakini basi la shule linapita saa kumi na mbili kasoro, na mimi napeleka majani kiwandani. Uji wa hawa watoto niuwashie saa tano wakiwa wameshafika wapi?"

Chifu alicheka. Nilimwambia afungue mlango na dirisha, na aweke kuni kwenye itara zikauke. Akasema jiko lake ni la mabati, halina itara.